Wimbo Uliokatwa Kila Siku Makole

Kilichotangulia kilikuwa besi. Ilipita kwenye matofali ya ukuta wa uani kwetu, Makole, ikaingia kwenye ndoo ya maji hadi maji yakawa yanacheza, halafu yakafuata magitaa mawili yakikimbizana, na mtu akilia au akicheka, sikujua, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na banda la video na mimi sikuruhusiwa kukanyaga huko. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Kiangazi kilikuwa kimekolea, upepo wa Dodoma ulikuwa unabeba vumbi na kulimwaga kwenye kila sufuria iliyofunuliwa, na mimi sikuweza kutulia mahali pamoja hata kwa muda wa kumenya viazi. Mama alisema nina upupu. Sijapona mpaka leo. Nimekuwa shabiki wa filamu na muziki wa roki kiasi cha kuwachosha ndugu zangu, na bado natazama filamu huku mguu mmoja uko chini, tayari kuondoka, nikiwa na hasira na mtengenezaji ambaye hajanifanyia lolote baya zaidi ya kunichelewesha.

Banda lilikuwa la Shabani, kijana wa Kondoa aliyekuja mjini na televisheni moja, deki moja na kipaza sauti. Lilikuwa la miti na mabati, limeegemezwa kwenye ukuta wetu ili kuokoa mabati ya upande mmoja, na ndani mlikuwa na mabenchi ambayo niliyajua kwa milio yake tu. Filamu zilikuwa za Kiingereza, Kihindi na Kichina, na Shabani alizitafsiri papo hapo, amesimama kando ya televisheni. Nadhani lugha zote tatu zilikuwa zinampiga chenga. Mzungu akizungumza kwa hasira dakika nzima, Shabani alisema, "Anamwambia kesho asije kazini." Mchina akikohoa tu, Shabani alikuwa na hotuba. Aliyeokoa watu alikuwa stelingi, aliyewaumiza alikuwa adui, na basi, hakuna aliyehitaji majina zaidi. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sikio ukutani, nikapanga picha zangu mwenyewe kichwani. Nilizipenda kupita kiasi, na nyingi nilipokuja kuziona ukubwani zilikuwa mbaya kuliko nilivyozipanga.

Shuleni nikawa mchambuzi. Wakati wa mapumziko wavulana waliokwenda kwa Shabani walisimulia walichokiona, nami nikasimulia nilichokisikia, na mara nyingi ilikuwa kama tunazungumzia filamu mbili tofauti. Rashidi, niliyekaa naye dawati moja, alipima filamu kwa ngumi. Ngumi zikiwa nyingi filamu ni kali, zikiwa chache ni ya kina mama. Nilimwambia ngumi zote zina mlio mmoja, nadhani kuna mtu mahali fulani analipwa kupiga godoro, na kwamba filamu nzuri ina mahali ambapo muziki unanyamaza na watu wazima kwenye mabenchi wanaacha kukohoa. "Wewe unajuaje, na hujaona?" aliniuliza. Swali lile lilinikera kwa sababu lilikuwa la haki. Lakini siku hizi nikiwasoma wachambuzi kwenye simu, watu walioona kila kitu, wanaojua kamera ilisimama wapi na nguo ya nani ilibadilika rangi, natamani mmoja wao afungwe kitambaa machoni nusu saa tu. Filamu wanazozisifu zimejaa giza. Muda mwingi natazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo cha simu, na muziki wa filamu hizo ni mngurumo wa friji. Wao wanaita ukomavu. Mimi naita uvivu, na nimeshagombana na watu nisiowajua kwa ajili ya jambo hilo.

Kulikuwa na filamu moja ambayo Shabani aliirudia mara kwa mara kwa kuwa ilijaza banda. Hiyo ilinitesa. Adui alipokwisha kuanguka, gitaa lilianza peke yake, chafu, lenye mikwaruzo, kama mtu anaburuta bati kwenye changarawe. Kisha ngoma zikaingia, na mwimbaji akavuta pumzi. Nasema akavuta pumzi kwa sababu sikuwahi kusikia neno lake la kwanza. Desturi ya banda ilikuwa kwamba adui akifa, filamu imeisha. Majina yakianza kupanda kwenye kioo watu walikuwa wameshainuka, mabenchi yanalia, waliokuwa wakisubiri mlangoni wanasukumana kuingia, na Shabani anabonyeza kitufe. Wimbo ulikatwa hapo hapo kila siku, kwenye pumzi. Nilibaki nayo kifuani. Nilifua nayo, nilienda nayo bombani, nikajitungia muendelezo mmoja baada ya mwingine na hakuna ulionitosha. Niliwauliza wavulana wimbo ule unaishaje. Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeelewa kwa nini naulizia kitu kinachokuja baada ya filamu kwisha. Kiangazi kile nilitaka jambo moja tu, kuusikia wimbo ule mpaka mwisho.

Mwishowe nikamvizia Shabani asubuhi moja akifagia mbele ya banda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniangalia vizuri.

"Wewe si binti wa mwalimu wa kwaya?"

Nikakubali. Nikamwomba auache ule wimbo wa mwisho uishe, hata mara moja.

Alicheka, lakini si kwa kunidharau. "Nikiuacha, wale wa mlangoni wataning'olea mabati. Siku nikikosa watu wa kuingia, nitakuachia." Sikuipenda ahadi ile hata kidogo, maana banda halikuwahi kukosa watu.

Baba yangu ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwaka ule kanisa lilikuwa linaezekwa upya, hivyo kwaya ilihamia uani kwetu na kinanda chake, magitaa yake na spika moja iliyochanika. Walikuwa wanajiandaa kwenda Mvumi kwenye mashindano. Sasa, maji yalikuwa yamepungua kwenye bwawa la Mtera na umeme ulikuwa wa mgao. Ukirudi jioni, ulirudi kwa wote wawili kwa wakati mmoja. Baba aliwasha kinanda, Shabani akawasha deki, na ukuta ule mmoja ukabeba vita vyote. Sauti ya kwanza ikiingia, bunduki zinalia. Baba akiwaomba watu ukimya kabla ya ubeti wa tatu, Shabani anatangaza kwa kipaza sauti kwamba adui amejificha jikoni. Mama, aliyeimba sauti ya pili, alikuwa anauma midomo asicheke. Waimbaji walianza kupaza sauti, wakasimama wima zaidi, wapiga gitaa wakaongeza sauti ya spika hadi ikawa inakwaruza, na mimi katikati yao, mwenye kazi ya kuwagawia maji, nilikuwa nasikiliza pande zote mbili kwa wakati mmoja na kuona raha ya ajabu. Niliona, na bado naona, kwamba magitaa ya pande zote mbili yalikuwa ndugu. Anayesema roki ni kelele za Wazungu hajawahi kukaa karibu na spika mbovu ya kwaya wakati mpiga solo amekasirika.

Baba hakuona raha yoyote. Alijaribu kwanza kiungwana. Alikwenda bandani, Shabani akamwamkia kwa heshima na kumwahidi kupunguza, akapunguza siku moja. Baba akaenda tena. Mara ya tatu akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimsikia akimwambia mama jikoni kwamba hana ugomvi na kijana, anachotaka ni watu waimbe wakisikia sauti zao wenyewe. Mama alimwuliza, "Sasa na yeye ataenda wapi?" Baba akasema mji ni mkubwa. Mwenyekiti naye alimpa Shabani hadi mwisho wa wiki aondoe banda. Nilipopata habari nilishindwa kula. Nilimchukia baba kwa siku kadhaa, chuki ya kweli, ya kukataa hata kumpelekea maji ya kunawa, na yeye hakuuliza sababu. Filamu zangu zote zilikuwa upande ule wa ukuta. Bila Shabani nilikuwa nabaki na nini, mahubiri na taarifa ya habari.

Jumamosi ya mwisho umeme ulirudi mapema, jua bado liko juu ya mapaa. Kwaya haikuwa na mazoezi. Nikaketi kwenye ndoo yangu. Shabani alionyesha ile filamu, akaitafsiri kwa sauti ya uchovu, akiruka hotuba nyingi. Adui akaanguka, mabenchi yakalia, watu wakatoka. Mlangoni hakukuwa na wa kusukumana, kwani hakukuwa na filamu nyingine. Nilisikia mabati ya mbele yakianza kung'olewa misumari. Gitaa likaanza. Ngoma zikaingia. Mwimbaji akavuta pumzi, na safari hii pumzi ikatoka.

Sikuelewa neno hata moja. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba na kugoma papo hapo, ikipanda juu ya magitaa, ikishuka, ikipanda tena, na mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama lini. Nilikuwa nalia. Nilimsikia mtu nyuma yangu, nikageuka, ni baba, ametoka ndani na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Hakunifukuza. Tulisimama wote wawili tukisikiliza, nami nikawa nangoja ule mwisho, pigo kubwa la kufunga, kitu cha kustahili kiangazi kizima. Haukuja. Waliendelea kuurudia mstari mmoja, na sauti ikawa inapungua, inapungua zaidi, mpaka nikasikia nyundo ya Shabani na wimbo sikuusikia tena. Nilidhani ni mgao. Nilitaka kupiga ukuta.

"Hawajamaliza," baba alisema. "Wamepunguza tu." Akafikiri kidogo. "Hawakujua pa kuishia." Ulikuwa uchambuzi wa kwanza wa muziki ambao nilikubaliana nao asilimia mia, na umetoka kwa mtu niliyekuwa simsemeshi. Tukaingia ndani kula.

Sasa Dodoma imejaa maghorofa na ofisi, na mimi nina kila kitu. Filamu iliyotoka juzi ninayo leo, roki ya miaka yote iko mfukoni, na hakuna ukuta wala mwenyekiti wa kuniuliza. Ningetarajia kuwa nimetulia. Badala yake naanza filamu nne kwa jioni na simalizi hata moja, nasoma wachambuzi wakigawa nyota kabla sijajua mimi nimeona nini, na majina yakianza kupanda simu yenyewe inaukata wimbo na kuniletea filamu nyingine, haraka kuliko Shabani, wala hakuna anayesukumana mlangoni. Nimejifunza kuizuia kwa kidole. Wakati mwingine nachelewa, na hapo nakasirika kama mtoto.

Baba amestaafu, anaishi Mvumi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona nikamwekea wimbo mpya wa roki ninaoupenda, kwa sababu unaisha kabisa, kwa pigo moja, pa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema mpiga ngoma ana haraka lakini mwisho wameupata. Nilifurahi, nikawa natafuta wimbo mwingine wa kumsikilizisha. Ndipo akauliza, kama mtu anayeulizia chumvi, "Yule kijana wa Kondoa alikwenda wapi?"

Hakuwahi kumtaja tangu siku ile. Nilimwambia sijui, baba.

Kisha akasema kwamba baada ya banda kuondoka kwaya ilipata utulivu wote alioutaka, wakaja hapa Mvumi kwenye mashindano, wakaimba kama watu wanaosinzia. Alikuwa amesimama mbele yao, mikono juu, anawasubiri wapande kama walivyokuwa wakipanda uani kwetu jioni zile, na hawakupanda. "Nilifikiri anatuharibia," alisema. "Kumbe tulikuwa tunaimba naye." Akanirudishia simu, akaniambia nipige ule wimbo tena, na safari hii niongeze sauti.