Bomba la Kupandia Mlima

Sipendi kuambiwa nimekosea. Nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Baba yangu alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe. Hakutumia fahali bali mbegu zilizohifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali, mtungi aliokuwa akiufunga nyuma ya pikipiki kwa vipande vya tyubu kuukuu. Serikali ilimstaafisha, lakini wakulima wa miteremko ya juu ya Mikinduri hawakumstaafisha. Walimwita daktari, naye aliitika. Ng'ombe akiingia kwa joto la kutaka dume asubuhi, mtu wa mbegu anatakiwa awe amefika jioni. Akichelewa, mkulima anangoja siku ishirini na moja, na maziwa ya watoto yanangoja pamoja naye. Kwa hiyo kazi ya baba, ukiondoa mambo mengine yote, ilikuwa kufika.

Pikipiki yake ilikuwa ya tu-stroki, zile za zamani zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili na kuacha moshi wa buluu kijiji kizima. Mwaka huo bomba lake la moshi lilioza likapasuka tumboni. Nilitafuta jingine Meru mjini, nikatafuta Embu nilikokuwa nafanya kazi ya kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Muuzaji mmoja aliniuliza kama pikipiki hiyo tuliichimbua. Bila bomba, injini ilikosa nguvu kabisa, na baba akaanza kuwaambia watu wa juu watafute mwingine. Niliporudi nyumbani kwa likizo nilimkuta ameketi kwenye kigoda saa nne asubuhi, simu mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona baba ameketi saa nne asubuhi. Niliogopa. Wazee wa kwetu wakishakaa hivyo hawakai miaka mingi.

Nilimpeleka kwa fundi mmoja wa Maua, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyekuwa akichomelea ekzosi, yaani mabomba ya moshi, za pikapu za miraa. Zile pikapu hukimbia hadi Nairobi kila siku bila huruma, na mabomba yake ndiyo yaliyokuwa shule ya fundi huyo. Alitutengenezea bomba lililonyooka, safi, likang'aa. Pikipiki ikapiga kelele za kutosha kuamsha wafu, na kwenye mlima ikakataa.

Nilipoingia kwenye mtandao ndipo nilipoelewa. Kwenye pikapu, bomba ni la kutolea moshi tu. Kwenye tu-stroki, petroli mbichi huponyoka pamoja na moshi, na umbo la bomba ndilo huirudisha. Bomba hupanuka, kisha hubanwa, na mshindo unaogonga pale penye kubanwa hurudi nyuma na kuisukuma petroli ndani, kama mtu anayesimama langoni kuzuia ndama wasifuate mama zao malishoni. Akisimama karibu mno au mbali mno, ndama wamekwenda.

Nilipata programu ya bure ya kupiga hesabu hizo. Mimi na baba tulifungua injini uani kutafuta vipimo vya kuiingizia. Tuligundisha protrakta ya mtoto wa shule kwenye mhimili, yeye akiuzungusha polepole, mimi nikichungulia kwa tochi tundu la kutokea moshi linapoanza kufunguka. Zilikuwa siku mbili za furaha ambazo sitazisahau. Programu iliuliza injini inatakiwa iwe na nguvu ikizunguka kwa kasi gani. Nilimuuliza baba.

"Pale napanda na gia ya pili, mwari," alisema. Mwari ni binti. "Kwa barabara ya chini hata mbuzi anafika."

Programu ikanipa koni tano na kipande kimoja kilichonyooka. Nikazichora zikiwa zimefunguliwa bapa, nikaenda kuzichapisha kwenye saiba, duka la kompyuta pale Maua, nikazipeleka kwa fundi azibandike kwenye bati, akate, akunje, achomelee. Alianza na koni ya kwanza, akaijaribisha kwenye injini, akavua miwani.

"Madam, hii mdomo ni ndogo. Haikubali kuingia."

"Ipanue na nyundo."

"Nitapanua. Lakini mdomo ikiwa ndogo, pengine hata tumbo ni ndogo."

"Mzee, kompyuta haidanganyi. Wewe choma tu."

Nilimwambia hivyo mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya wateja wake. Alichukua nyundo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mjane wa kule juu kabisa, mwenye ng'ombe mmoja tu. Baba alifunga mtungi, akavaa koti, akaondoka akipiga mluzi. Kwenye tambarare pikipiki ilikimbia kuliko zamani, nami nikajisifu moyoni. Alirudi usiku akiisukuma. Mlimani ilikuwa imekufa nguvu kila injini ilipopungua kasi, akaisukuma kwa miguu pamoja na mtungi, na alipofika, joto la ng'ombe lilikuwa limekwisha. Alikunywa uji wake bila kunilaumu.

"Nilimwambia yule mama makosa ni yangu," alisema. "Nikamwambia nilichelewa kutoka."

Baba hakuwahi kuchelewa kutoka. Nililala na aibu hiyo.

Asubuhi nilirudi Maua. Fundi alikuwa amehifadhi karatasi zangu, amezikunja vizuri kwenye kopo la rangi. Pembeni ya kila mchoro nilikuwa nimechora mstari wa sentimita kumi, kama tunavyofanya ofisini, ili mtu aupime kwanza kabla ya kuamini chochote. Mimi mwenyewe sikuwa nimeupima. Fundi aliuwekea rula. Sentimita tisa na milimita nne. Mashine ya saiba ilikuwa imeubana mchoro uenee kwenye karatasi, ikapunguza kila kitu, bomba likawa fupi na jembamba. Likafaa injini ya mashindano, si ya mzee anayepanda mlima na gia ya pili. Na mimi kazi yangu, mkate wangu, ni michoro ya skeli!

Niliomba msamaha. Nilitaka aseme "nilikuambia," anitukane kidogo, tumalize. Yeye alivuta stuli akanionyesha nikae.

"Sasa nisomee namba moja moja," alisema. "Leo tunachora juu ya bati yenyewe, na chaki."

Tulichora siku nzima, mimi nikisoma namba kwenye kompyuta, yeye akipima kwa rula na kamba na bikari aliyoitengeneza kwa nondo. Aliponishuku alinirudisha kwenye namba, na kila aliponirudisha nilikagua upya bila kununa. Nimesoma chuo na nimepita mikononi mwa walimu wengi, lakini siku ile ndiyo niliyofundishwa kazi yangu. Mdomo wa koni ya kwanza uliingia kwenye injini bila nyundo.

Siku ishirini na moja zilipotimia, mama mjane alipiga simu. Sijui kama mimi ningempigia tena mtu aliyeniangusha. Yeye alipiga. Fundi alikuwa amefunga kibanda chake akaja kwetu kusikiliza, kwa maana alisema bomba halijaisha mpaka lisikike mlimani. Baba alipoondoka tulisimama langoni, sisi wawili. Sauti ilivuka daraja, ikaanza kupanda, ikashuka na kuwa nzito, na haikukatika. Ilipanda, ikapanda, ikawa ndogo kama ya mdudu. Kisha ikanyamaza ghafla.

Nilimshika fundi mkono. Nilijua imekufa. Akilini nilikwisha kumwona baba akisukuma.

Simu ililia.

"Mwari, nimefika," alisema baba, akihema kwa furaha. "Nimezima injini. Ng'ombe ako hapa mbele yangu, amesimama, joto bado liko."

Nilimpa fundi simu.