Kuni Nilizompelekea Bibi Somoe

Ashukuriwe Mungu anayetuamsha kila asubuhi na kutuvumilia mpaka jioni, maana angekuwa anatugawia uhai kwa kipimo cha akili zetu, mimi nisingefika umri huu. Nakiri mapema, ndugu zangu, ili mtakapoyasikia kwa wengine (na mtayasikia, Mtwara siyo kubwa kiasi hicho) muwe mmeshayasikia kwangu: mimi ndiye yule mzee aliyepeleka kwaya, kuni na kilio kwenye nyumba ya bibi aliyekuwa amekaa kitini anakula pilau.

Mambo yalianzia kwenye turubai. Jumuiya yetu ina turubai moja la bluu lenye kiraka cha kijani pembeni, pale lilipochanwa na upepo, na linakaa stoo nyuma ya nyumba yangu kwa sababu mwenyekiti ni mimi. Siku tuliyolinunua nilisimama mbele ya wanajumuiya nikatoa kanuni, kwamba turubai hili ni la misiba tu, kwa kuwa mwenye msiba hakupanga na mwenye sherehe amepanga, basi mwenye sherehe ajitafutie kivuli chake. Watu wakapiga makofi (makofi yale ndiyo yaliyoniharibu).

Nanyi mnaonifahamu mnajua kwamba kwenye misiba sina mpinzani. Nimekuwa katekista miaka mingi, nafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na nyimbo za maziko naziimba bila kufungua kitabu. Lakini harusi? Nilikuwa na kikao. Mtoto wa jirani kafaulu mtihani? Nilikuwa na mgeni. Nilikuwa nasema muziki wao unaniumiza masikio, na leo nasema ukweli: mtu anayelia anakuhitaji, ila mtu anayecheka anaweza kucheka bila wewe, na mimi nilipenda kuhitajiwa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Selemani, fundi seremala, Mwislamu mwema ambaye mwanangu alipopata kipaimara alifika nyumbani kabla hata ya paroko, na mbuzi kambeba begani. Yeye alikuwa na jina lake la kuniitia. Kila asubuhi akipita dirishani husema, "Padre mwenye mke, umeamkaje?" Nami hujibu, "Salama, Shehe asiye na msikiti," na siku yangu inakuwa imeanza.

Basi mwaka juzi alikuja kuniomba turubai kwa ajili ya harusi ya binti yake, siku moja tu, nikamsomea kanuni. Akacheka, akasema, "Haya, tutakaa chini ya makuti." Siku ya harusi mvua ikanyesha, na waalikwa wakala wali uliolowa. Mimi nilikuwa ndani, nasikia kila kitu (nilikuwa na kikao). Hakunilaumu hata kidogo, ila kuanzia kesho yake alipopita dirishani alisema, "Habari za asubuhi, mwenyekiti." Mwenyekiti. Hebu jaribuni kuitwa hivyo mwaka na zaidi na mtu aliyesaidia kuchimba kaburi la mama yako.

Mama yake Selemani ni Bibi Somoe, umri wake hata mwenyewe hana hakika nao. Aliugua, akapelekwa hospitali ya mbali, akalazwa huko miezi mitatu, na habari zilizokuwa zikitufikia hazikuwa za matumaini. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshachagua nyimbo.

Korosho zilipoanza kuanguka nikaenda shambani Nanyamba kuokota, nikakaa huko wiki mbili. Simu yangu iliishiwa chaji siku ya tatu. Jumamosi ya kurudi nilishuka stendi, nikapanda bodaboda, na tulipokaribia mtaani kwetu nikaona kwa mbali, uani kwa Selemani, turubai la bluu lenye kiraka cha kijani. Chini yake wanaume wamevaa kofia, wameinamisha vichwa, wametulia kimya.

Sasa mtu mwingine angeuliza. Lakini mimi niliijua kanuni, nilikuwa nimeitunga mwenyewe: turubai haliwezi kuwa nje kama hakuna maiti ndani.

"Tuingie, mzee?" dereva akauliza.

Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa wa neno moja. "Geuza," nikamwambia.

Niliona aibu kuingia msibani mikono mitupu, mimi ambaye sijawahi kuchelewa msiba, tena kwa Selemani niliyemnyima kivuli. Nikasema moyoni, leo nitamlipa jirani yangu; nilimkosa kwenye harusi, kwenye msiba hatanisahau. Nikaenda kigangoni, nikaikuta kwaya kwenye mazoezi (wengi wao wanakaa mitaa ya mbali, hawakuwa na habari yoyote), nikawaambia Bibi Somoe hatunaye. Mwalimu wa kwaya akavua kofia. Akina mama wakaenda nyuma ya jiko la kigango wakajitwisha kuni, kwa maana kwetu mwanamke haendi msibani bila kuni au ndoo ya maji, na tukaanza kutembea.

Njiani tukampita Mama Zuhura, muuza ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, ambaye anajulikana mji mzima kwa sauti yake. "Kuna nini, mzee?" akauliza. Nikamwambia. Akaiacha meza yake na ming'oko yake ikitoa moshi, akajifunga khanga kiunoni, akaachia ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka bandarini. Baada ya hapo sikuwa na kazi ya kumwambia mtu; watu walitoka majumbani wenyewe, huyu na kuni, yule na ndoo, na tulipofika kwenye kona yetu tulikuwa kama arobaini.

Pale kwenye kona nikasikia ngoma. Nikajiambia hiyo ni nyumba ya mbele. Nikasikia na vigelegele. Nikajiambia, watu wa siku hizi hawana adabu, wanapiga vigelegele jirani amefiwa. Nikainua mkono, kwaya ikapaza ule wimbo mzito kuliko zote tulizo nazo, sauti nne, na Mama Zuhura juu yake, tukaingia uani.

Ngoma ikakatika ghafla. Watu wa Selemani wakatutazama: kwaya, kuni, kilio, na mbele yao mimi, uso umenikunjamana, vumbi la Nanyamba mpaka kwenye nyusi. Nao wakaelewa kama ambavyo ungeelewa wewe, kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Selemani akatoka mbio, kanzu kaishika mkononi, akanikumbatia.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

"Pole wewe," nikamjibu.

"Hapana. Pole wewe."

Nikaona jinsi mtu huyu alivyo mkubwa wa moyo, amefiwa na bado ananipa pole mimi. Machozi yakanitoka. Yeye alipoyaona machozi yangu, yakamtoka ya kwake. Tukasimama tumeshikana, wazee wawili, tunalizana.

"Mzazi ni mzazi, Selemani," nikamwambia, "hata awe na umri gani."

"Mzazi?" Akaniachia kidogo. "Wako si tulishamzika? Kwani ni nani? Mama Tumaini nimemwona sasa hivi hapo jikoni anapakua."

Mama Tumaini ni mke wangu. Nikataka kuuliza anapakua nini, lakini sauti nyingine ikanitangulia, nyembamba na yenye ukali, kutoka katikati ya watu.

"Kafa nani huko? Mbona mmenizimia ngoma yangu?"

Watu wakapisha njia. Bibi Somoe alikuwa kwenye kiti cha plastiki cha jumuiya yetu, khanga mpya, hina mikononi, sahani ya pilau magotini, na paja la kuku mkononi kalishika kama rungu.

Nilirudi nyuma hatua moja, nikatafuta pa kukaa, nikakaa, na nilipokaa pakawa pana unyevunyevu na baridi, kwa sababu lilikuwa beseni la kachumbari. Mama Zuhura akaukatiza ukelele wake nusu, nusu iliyobaki akaimeza.

"Mzee si katoka Nanyamba?" mtu mmoja akasema nyuma. "Uraka huo."

"Msimu huu mabibo mengi," akajibu mwingine.

Nami nikajitetea nikiwa ndani ya beseni kwamba uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, sijauonja tangu ujana wangu, na nadhani hakuna mtu duniani aliyewahi kuaminika akisema maneno hayo kutoka mahali kama pale.

Lakini bado sijawaambia aibu yenyewe. Badala ya kumshukuru Mungu kwamba bibi yu hai, neno langu la kwanza lenye akili lilikuwa hili: "Nani ametoa turubai?"

Selemani akatazama chini, na nikaona usoni mwake lile neno mwenyekiti la kila asubuhi.

Mke wangu akatokea jikoni, upawa mkononi. "Mimi," akasema. "Hakuja kuniomba mtu. Mama karudi mzima, wanamsomea dua ya shukrani, jua kali, nikalipeleka. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Kanuni ulikwenda nayo Nanyamba."

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka kwaya yangu nayo ikacheka, kwa sauti nne. Mimi sikujua nicheke au nilie, na Bibi Somoe akaniita kwa kidole. Nikajitoa kwenye beseni, nikaenda nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenililia kweli?"

"Kweli, mama."

"Vizuri. Wengi hawabahatiki kuwaona wanaowalilia." Akatazama juu, kwenye kile kiraka cha kijani. "Nimeliona turubai hili likiwafunika wenzangu wote, mwanangu. Wote walikuwa wamelala, hakuna aliyejua kama kuna jua au kivuli. Mimi leo nimekijua kivuli chake. Kizuri."

Nimefundisha dini miaka mingi, na ile amri ya kufurahi pamoja na wanaofurahi nilikuwa nimewafundisha watoto waikariri, imeandikwa pamoja na ile ya kulia na wanaolia, tena hii ya furaha ndiyo inatangulia. Nami nilikuwa nimeishika nusu ya pili nikaifungia nusu ya kwanza stoo.

Nikasimama, nikamgeukia Selemani mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Siku ya harusi ya binti yako sikuwa na kikao."

"Najua," akasema. "Dirisha lako lilikuwa wazi."

"Nisamehe."

Akachukua sahani, akaipakua pilau mpaka ikawa kichuguu, akanipa. Mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki kwa akili yake, akaanzisha wimbo wa Pasaka, wapiga ngoma wakautafuta mdundo wake mpaka wakaupata, na Mama Zuhura akaingia na vigelegele, maana koo lilikuwa limeshapata moto. Akina mama wangu wakauliza kama warudishe kuni kigangoni.

"Ziacheni hapo," Bibi Somoe akasema. "Hizo ni zangu. Siku yenyewe ikifika mtaleta nyingine."

Jua lilipoanza kupoa tukalishusha turubai, mimi nikiwa na suruali iliyonuka vitunguu. Selemani alishika kamba za upande mmoja, mimi za upande wa pili, na zangu zilikuwa zimenasa.

"Vuta huko," akasema, "Padre mwenye mke."

Nilivuta. Kamba zikanasuka, nami nikaendelea kuvuta.

Kikao kilichofuata niliifuta kanuni kwa mdomo uleule ulioitunga, na sasa harusi, ubatizo, hata mtu akinunua cherehani, turubai linatoka na mimi nipo kwenye kamba. Nimeweka na nadhiri: sitavaa uso wa msiba kabla sijauliza kuna nini. Bibi Somoe yupo, kuni zake amezipanga ukutani, na nikipita huniita, "Mwanangu, leo pia sijafa, ingia tunywe chai." Naingia.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akujalie majirani wa kukucheka na kukusamehe siku hiyohiyo, na furaha ikibisha mlangoni kwao, iikute miguu yako imeshatangulia. Amina.