Juisi Niliyoisifia Mchana wa Ramadhani

Semeni mtakavyo, mimi bado natetea blogu zinazolipwa kusifia bidhaa. Mwenye bidhaa anapata wateja, na mwandishi anapata ujira ambao digrii yangu haijawahi kunipa. Kosa lilikuwa langu, si la kazi.

Dada Zuhura, jirani yetu hapa Kisarawe, alinilipa niandike kuhusu juisi yake ya ukwaju. Ilikuwa Ramadhani, nami nimefunga. Niliwaza: nikisubiri magharibi ili nionje, watu watakuwa wameshanunua juisi za wengine. Nikikiri kwamba sijaonja, nani ataniamini? Niliwaza mpaka kichwa kikauma, kisha nikaandika: "Leo saa saba mchana, jua likichoma, nilishusha glasi nzima. Koo likashukuru."

Wateja walimiminika, wengine kutoka Kibaha. Jioni Dada Zuhura akatuletea jagi zima kwa shukrani, tukaketi naye mkekani kufuturu. Kaka yangu akaanza kuisoma blogu kwa sauti. Alipofika kwenye "saa saba mchana", mama akabaki na tende mkononi.

"Kumbe nyumba hii ina kobe anayekula mchana!"

"Wallahi mama, nimefunga! Juisi hiyo sijaonja hata tone!"

Nilitamka kwa fahari kabla sijakumbuka ni nani ameshika jagi.

"Hata tone?" Dada Zuhura akauliza. Akamimina glasi, akaisogeza mbele yangu. "Haya, mwandishi. Kunywa, ujue ulichokisifia."