Fumua Nikuone

Mama yangu hanisalimii nikirudi kazini. Namkuta pale pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, miwani imemshuka puani, pini mbili mdomoni, na kabla sijavua viatu ananiuliza neno moja: "Umeacha?"

Si kwamba ananichukia. Ananijua tu. Nyumbani jina langu ni Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na sikulipata bure. Niliacha duka la vitambaa baada ya miezi mitatu. Niliacha saluni siku niliyounguza nywele za mteja. Sikungoja hata anyanyuke kwenye kiti. Chuo cha uuguzi nilikiacha muhula wa pili, na ndoa nayo niliiacha baada ya miaka sita, begi moja begani na mtoto mkononi, kwa ugomvi ambao hadi leo nikiusimulia watu wananiuliza, "Halafu?" Halafu hakuna, ndiyo hayo tu. Mimi jambo likiharibika kidogo, miguu inaniwasha.

Kila nikiacha kitu nilikuwa narudi kwenye cherehani ya Mama. Yeye ameshona maisha yake yote, na mimi alinifundisha nikiwa na miaka kumi. Nashona vizuri, kwa hilo sijidharau. Kinachonishinda ni kufumua. Nikikosea, nikaweka mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto, siwezi kukaa kitako nikachomoa nyuzi moja moja. Naona afadhali nitupe gauni lote nikatafute kitambaa kingine. Mama alikuwa ananisukumia wembe mezani na kusema, "Kushona kila mtu anajua. Fumua nikuone." Basi mimi huyo nje, nazunguka mtaa mzima na hasira zangu, nikirudi nakuta ameshafumua yeye.

Kazi ya meli ilinijia kwa mlango wa ovaroli. Karakana ya meli ilimletea Mama ovaroli arobaini za kuziba viraka, zote zimetobolewa na cheche utadhani zimeliwa na panya. Zilipokwisha nikazipeleka mwenyewe hadi ndani. Meli ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo, iko nchi kavu mpaka tumbo linaonekana, na ubavuni imekatwa tundu la kupita gari. Mtu mmoja alikuwa amepiga magoti juu ya jukwaa akiunganisha bamba jipya la chuma na lile la zamani. Nilisimama nikautumbulia macho ule mwanga wa buluu, jambo ambalo kila mtu pale anajua halifanywi. Jioni macho yalinichoma kama yamejaa mchanga. Mama alinikanda na kitambaa cha maji baridi huku akinisema, na mimi nimelala chali simsikilizi, nawaza kitu kimoja: yule mtu alikuwa anapiga mshono. Tangazo la kutafuta wanagenzi nilikuwa nimeliona getini wakati natoka.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, wenzangu hata ishirini na tano hawajafika. Masharti yalikuwa mafupi. Miezi sita ya kujifunza kuchomelea, halafu mtihani mmoja. Ukifaulu unapewa namba yako na unapanda kwenye meli kama fundi. Ukianguka unarudisha ovaroli na safari njema, hakuna kurudia.

Fundi aliyetufundisha alikuwa mtu mfupi, mgongo unamsumbua, hasira zake ziko karibu kama zangu. Tulimwita Fundi Ganda. Ukichomelea, juu ya mshono linabaki ganda jeusi, uchafu wa kile kijiti cha kuchomelea kinachoyeyuka. Unatakiwa uligonge kwa kinyundo, usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ndipo upitishe mstari mwingine juu yake. Ukiacha ganda hata kidogo ukalifunika, nje mshono utapendeza lakini ndani umebeba uchafu, na chuma kikibanwa kinapasuka hapo hapo. Kwa hiyo tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka, Fundi alikuwa anapita migongoni mwetu na swali lake moja: "Ganda liko wapi?"

Miezi miwili ya mwanzo tulichora mistari. Mistari tu, juu ya vipande vya mabamba mabovu, siku nzima. Unachomelea, unagonga, unasugua, unangoja kipoe, unaanza tena. Kungoja ndiko kulikoniua. Nilikuwa nahamisha uzito mguu huu, mguu ule, nakwenda kunywa maji nisiyoyataka, narudi, nakuta chuma bado cha moto. Ngazi, kijana mrefu tuliyekuwa tunachomelea naye bega kwa bega, alikuwa ananiuliza, "Dada, una upele au umeitwa mahali?"

Siku moja Fundi alisimama nyuma yangu asiulize ganda. Mwisho wa mstari, pale unapoondoa kijiti, chuma huacha kishimo, na kishimo hicho huzaa ufa. Wenzangu walikuwa wanafokewa kila siku kwa ajili yake. Mimi nilikuwa narudi nyuma kidogo kabla ya kumaliza, bila kufikiri, kama unavyorudisha cherehani hatua mbili ili uzi usifumuke.

"Hiyo nani kakufundisha?" akauliza.

"Cherehani," nikamjibu.

Tangu hapo jina langu kazini likawa Cherehani. Nilijidai kidogo, sikatai. Wiki iliyofuata nikaharibu mstari, nikamwambia, "Fundi, huu naufumua," na karakana yote ikacheka mpaka mtu akaangusha kinyundo. Kule hawafumui, wanachimba kwa grinda, mashine ya kusaga chuma. Neno lile walilifanya wimbo kwa siku kadhaa, Fundi mwenyewe akiwa kiongozi wa kwaya.

Mwezi wa tatu niliacha. Nilifika mpaka getini na begi langu, nimeshamuaga mlinzi. Sababu ilikuwa bamba lililopinda kwa joto mikononi mwangu baada ya kulihangaikia siku mbili. Pale getini nikaisikia sauti ya Mama, "Umeacha?", na jinsi ambavyo angeuliza bila hata kuinua kichwa. Nikarudi ndani. Nilirudi kwa hasira, bidii haikuwamo.

Siku chache kabla ya mtihani binti yangu alikuwa anajaza fomu ya shule, nikaichungulia begani kwake. Penye kazi ya mzazi alikuwa ameandika: Anajaribu. Hakuwa na ubaya, hata haukuwa utani, aliandika anachokiona. Nilitamani nimgombeze, nikakosa pa kuanzia. Nina miaka yote hii na sina kitu hata kimoja ambacho ningeweza kumwonyesha nikamwambia, hiki nilikimaliza.

Mtihani ulipewa muda wa saa nne. Mabamba mawili manene kama kidole gumba yanasimamishwa wima, unayaunganisha kutoka chini kwenda juu, mstari juu ya mstari, hadi pengo lijae. Ukishamaliza unamkabidhi mkaguzi, mama mmoja aliyetoka nje ya karakana yetu, hacheki wala hanuni. Yeye anakata vipande viwili, kimoja upande wa juu, kimoja upande wa chini, na cha katikati kinatupwa. Hivyo viwili vinakunjwa kwenye mashine hadi miisho yake itazamane. Kikipasuka, umeanguka. Kabla ya kukabidhi kazi ni yako, unaweza hata kuchimba ukarudia. Ukishakabidhi, basi.

Nilianza vizuri. Mstari wa kwanza safi, wa pili safi. Kwenye wa tatu nikasikia Ngazi anafungua pakiti mpya ya vijiti na nikajua yuko kwenye mstari wa mwisho. Hapo ndipo pupa iliponiingia. Niligonga ganda juu juu, nikasugua juu juu, nikaona weusi kidogo kwenye kona, urefu wa ukucha hivi. Nikajiambia moto utauyeyusha. Nikapita.

Mstari wa mwisho juu yake ulitoka mzuri kuliko wote niliowahi kupiga maishani mwangu. Nilipoinua kinga ya uso, Ngazi alikuwa ameshakabidhi, anajifuta jasho. Akauangalia, akapiga mluzi.

"Dada, huu si wa kukatwa, huu ni wa kutundika ukutani. Kabidhi tukanywe chai."

"Ngazi, kuna ganda humo ndani," nikamnong'oneza.

"Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akapima kwa macho. "Atakata hapo juu yake. Hapa ni katikati, panatupwa. Nani atajua?"

"Na akikata chini kidogo?"

"Hatakata chini kidogo. Kabidhi bwana, usijitafutie balaa."

Saa ya ukutani ilinipa dakika hamsini. Na miguu ikaanza. Nilivua glavu, nikaenda kwenye pipa la maji, nikanywa, nikabaki nimeshika kikombe kitupu. Kutoka pale geti linaonekana. Niliogopa, niseme ukweli. Nikikabidhi, huenda nikapita, huenda nisipite. Nikichimba, naharibu kwa mikono yangu kitu kizuri mbele ya watu wote, na huenda muda ukaniishia bamba likiwa na shimo. Njia ya tatu ndiyo naijua kuliko zote: kuweka kikombe chini na kuondoka kabla mtu hajaniambia nimeanguka. Fomu ya shule ilikuwa mbele ya macho yangu. Na wembe wa Mama, unavyoteleza mezani kuja upande wangu.

Nikarudi, nikavaa glavu, nikachukua grinda.

Grinda haina siri. Ilipolia watu wote waligeuka, na mkaguzi akaacha kuandika. Nilichimba ule mshono mzuri huku nalia ndani ya kinga kama mtoto, kwa hasira tu, maana niliona nimejifanyia mwenyewe. Nilichimba hadi mstari wa tatu, na pale pale kwenye kona likatokea: mstari mweusi, mwembamba, mrefu kuliko nilivyodhani. Ulikuwa umekwenda juu vidole viwili zaidi. Nikaufuata mpaka ukaisha.

Kisha nikaanza upya. Mstari, kinyundo, brashi. Nikangoja. Ngazi alikuwa ananihesabia dakika kwa vidole kutoka ng'ambo, na mimi nangoja chuma kipoe, na kwa mara ya kwanza tangu niingie pale miguu yangu ilikuwa mahali pamoja. Mstari wa mwisho niliumaliza kengele ikiwa inalia, nikarudi nyuma hatua mbili, nikafunga. Haukuwa mzuri tena. Palipochimbwa palivimba kidogo, kama kovu.

Msumeno wa mkaguzi ulipita juu ya kovu lenyewe. Nusu ikabaki kwenye kipande cha juu, nusu kwenye kile cha kutupwa. Ngazi aliuangalia ule mstari wa msumeno, akaniangalia mimi, akajishughulisha na kamba za viatu vyake. Kipande cha chini kilikunjwa kikatoka salama, kisha cha juu kikaingia mashineni kikakunjwa taratibu, nami nilishindwa kuangalia, nikawa nautazama mgongo wa Fundi Ganda. Mkaguzi alikigeuza kwenye mwanga, akapitisha lenzi, akapitisha tena.

"Ishirini na saba," akasema. Ndiyo namba yangu ya ufundi.

Ngazi naye alifaulu, na kama yeye aliacha ganda mahali, anajua mwenyewe. Fundi alikuja, ameshika kiuno chake kinachouma.

"Cherehani. Ganda liko wapi?"

"Nimelifumua, Fundi."

Safari hii hakucheka. Aliokota kile kipande cha katikati kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaniwekea mkononi, akaenda kuwafokea wengine.

Jioni nilifungua mlango wa nyumbani. Kiti, dirisha, pini mdomoni.

"Umeacha?"

Nikakiweka kile chuma juu ya kitambaa alichokuwa anakata. Mama aliweka pini kwenye kikopo, akakivuta karibu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kama anavyokagua gauni la mteja. Ukucha ulifika kwenye kovu ukasimama. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Hapa palifumuliwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mimi, Mama."

Akavua miwani. Alikishika kile chuma muda mrefu, nikaanza kufungua kamba za viatu.

"Kesho unaingia saa ngapi?" akauliza.

Miaka yangu yote, hakuwahi kuniuliza habari ya kesho. Nikamwinulia kidole kimoja: saa moja asubuhi.