Ile "oui" yangu, sifute

Banangu, pengine leo nimejikosesha viza mi mwenyewe. Na siombe pardon.

Nilitoka Kolwezi mupaka ku biro ya viza mu Lubumbashi, juu Bijou, binti yangu, amezala kule Bulaya.

Formilere, ile karatasi ya kujaza, inauliza: balisha kukufukuza?

Nikaweka oui, ndiyo.

Tata wa kazi, wa ku dirisha, akacheka. (Eh, alicheka!)

"Mama, banauliza juu ya inchi ya bantu bengine. Futa ile."

"Tata, kampani ya shaba ilitufukuza mu nyumba yetu. Chumba mwenye Bijou alizaliwa, leo ni shimo. Ile haiko kufukuzwa?"

"Futa, ao viza hautaiona."

Mama moja nyuma yangu akaninongoneza: "Weka tu non, mama, uende ubebe mujukuu."

Ile njo iliniuma.

Nikaomba formilere ingine. Nikajaza polepole: jina, paspoti, yote. Tata akatulia, alizani nimekubali.

Nikaweka oui tena.

Chini yake banauliza: kama ni oui, inchi gani?

Nyie mungeandika nini?

Mi nikaandika: YANGU.