Mwongozo Uliopigwa Lamineti

Kananu wetu wa Kibirichia hapendi mambo madogo. Hata chai ya asubuhi huipika kama ya wageni. Ndiye aliyeutengenezea ushirika wetu programu ya ghala la viazi: unabonyeza simu, unapewa siku ya kuleta magunia. Ikabaki kuandika mwongozo wake.

Mukiri, mwenzake wa kazi aliye Embu, alimshauri aandike maandishi matupu, faili moja nyepesi inayoweza kutumwa kwa WhatsApp na kurekebishwa wakati wowote.

"Maandishi matupu ni ya orodha ya duka," Kananu akamjibu. Akatoa PDF ya kurasa kumi na mbili, picha na rangi tele, jina lake chini ya kila ukurasa. Ilipendeza, siwezi kumnyima sifa hiyo.

Nasi kitu kizuri tunajua kukitunza. Tuliichapisha saiba, kwenye duka la kompyuta, tukaipiga lamineti ya plastiki, tukaitundika jikoni kando ya kalenda ya kanisa. Moshi wenyewe ulishindwa.

Mwezi wa tatu Kananu akabadilisha programu. Kitufe cha juu, kilichokuwa cha kuweka nafasi, sasa kikawa cha kuifuta. Alituma PDF mpya, lakini ilikuwa nzito, simu zetu zikaikataa. Tena ya nini, na ya zamani ilikuwa ukutani inang'aa? Tukabonyeza cha juu. Mama Ruguru akafika ghalani na magunia tisa, nafasi hana. Viazi vikakaa juani hadi vikageuka kijani.

Kamati ikatangaza: Ijumaa tunapiga kura, programu ibaki au turudi kwa daftari. Kananu alilia, na nilimhurumia kwelikweli.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliandika upya, mistari ishirini mitupu, tarehe juu, kisha akaenda kumsomea Mama Ruguru mlangoni pake.

"Hapa umesema 'thibitisha'," mama akamkatiza. "Hiyo ni nini? Andika 'bonyeza ndiyo'."

"Sawa, mama." Akafuta, akaandika. Walikaa hivyo mpaka ng'ombe wakataka kukamuliwa.

Ijumaa, simu zetu zote zikalia mkutanoni: mwongozo umefika, na umefunguka. Jina la Kananu halikuwemo. Mwenyekiti akauliza nani anataka daftari. Mikono ikaanza kuinuka.

Mama Ruguru akasimama. "Viazi viliharibika juani ni vyangu. Na hii maneno mko nayo kwa simu, nimerekebisha mimi mwenyewe. Haya, nani anataka kutupa kazi yangu?"

Mikono ikashuka mmoja mmoja, na wangu ukiwemo.