Kutoa namba hasi huku risasi zinalia: matoleo mawili ya game ya dadu yalivyotugombanisha Rumonge

Amahoro wakuu. Nimesoma humu wanaosema toleo la zamani la game yetu lilikuwa "simple", nikakasirika hadi chai ikapoa. Nawapa yaliyonikuta, bila chumvi.

Ilikuwa wakati wa vita. Barabara ya Bujumbura imefungwa kule Gitaza, shule haziendi. Dada yangu Espérance ndiye aliendesha mchezo, kwa kitabu cha Kifaransa cha toleo la zamani alichoachiwa na binamu.

Kwa wasioijua: kila mtu ana shujaa wake kwenye karatasi. Kupiga, unarusha dadu ya pande ishirini; ukifikisha namba inayotakiwa au kuipita, umempata adui.

Sasa lile toleo la zamani. Ngao ikiwa nzuri, namba yake INASHUKA. Ikiwa nzuri sana inapita chini ya sifuri. Halafu unaitoa kwenye namba ya anayepiga. Nani alikaa akafikiria hivi?

Shujaa wa jirani yetu Hamisi alikuwa na ngao hasi mbili. Zimwi lililomvamia lilihitaji kumi na saba toa hiyo hasi mbili, yaani kumi na tisa. Dadu ikaleta kumi na nane, yaani limekosa. Dada akakosea alama, akapata kumi na tano, akamuua.

Hamisi akakataa. Fidèle, mukimbizi wa kutoka Uvira tuliyekuwa tunakaa naye, akafungua kitabu chake cha toleo jipya, eti huko ni kujumlisha tu.

Kweli. Ila jumlishia zimwi bonus ya nguvu, ya silaha, ya kusimama juu... Shujaa akafa tena, safari hii kihalali.

Makelele yakamtoa mama jikoni.

"Huko milimani watu wanakufa kweli," alisema, "na nyie munagombania mutu wa karatasi?"

Hamisi akaondoka, akaapa hatatusemesha tena.

Kesho yake risasi zikashuka mtaani. Nyumba ya karibu yenye kuta nene ilikuwa ya akina Hamisi. Tukagonga. Alifungua bila salamu, akatuonyesha pa kulala chini.

Fidèle alikuwa anatetemeka, ameshaona hayo Uvira. Hamisi akamwona, akamgeukia dada: "Espérance, anzisha."

Vitabu na dadu vimebaki nyumbani. Dada akasema kila mmoja anyooshe vidole. Jumla ikigawanyika kwa mbili, umepiga. Basi.

Tulicheza hivyo hadi kukatulia. Sijawahi kucheza vita nzuri kama ile.

Nilichojifunza: hesabu iwatumikie walioketi pale, sio wao kuitumikia.

Nyie mnacheza toleo gani? Na wewe wa "kutoa hasi ni rahisi", karibu, ila njoo na mfano.